Nyumba Kivukoni, Mwenyewe Muscat: Kodi Inayokatwa na Kodi Inayosubiri

Mwenye nyumba anayeishi mbali hukosea kwa namna mbili. Kwanza, hudhani kwamba kwa kuwa halali ndani ya nyumba hiyo, hadaiwi kitu. Pili, na siku hizi ndilo kosa lililoenea zaidi, hudhani kwamba kwa kuwa Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, inakata kodi kila mwezi, keshamaliza. Kosa la kwanza hugharimu vijisenti. La pili laweza kugharimu nyumba yenyewe.

Kivukoni ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Kijiji hiki kipo ng'ambo ya Mto Kilombero, upande wa Wilaya ya Ulanga, mkabala na mji wa Ifakara. Kwa miaka mingi, kwenda na kurudi kulitegemea pantoni, na pantoni haikuwa ya kuaminika. Januari 2016 ilipinduka na abiria ndani yake, na msiba ule bado unakumbukwa bondeni. Daraja la mita 384 lilipozinduliwa Mei 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli, kijiji kikawa dakika chache tu kutoka mjini. Ardhi iliyokuwa ikipimwa kwa magunia ya mpunga ikaanza kutazamwa kwa jicho la kiwanja, na mtoto wa hapo anayefanya kazi Dar es Salaam, Muscat au Birmingham akaona sasa kujenga nyumbani si ndoto.

Akishajenga, kuna mamlaka zinazomdai. Nyingine zinamfikia bila yeye kujua, nyingine zinamsubiri afike mwenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba Tanzania imefanya kodi ndogo kuwa rahisi mno kulipa, kiasi kwamba aliye mbali husahau wajibu mkubwa zaidi: kuonekana kwenye kumbukumbu za ardhi yake.

Kodi ya majengo ilivyoingia kwenye mita

Kodi ya majengo si ngeni. Sheria yake ni ya mwaka 1983, nayo ilizipa halmashauri za miji mamlaka ya kutoza majengo kulingana na thamani yake. Tatizo lilikuwa kuijua thamani hiyo. Wathamini walikuwa wachache, madaftari yalichakaa, na nyumba ziliota kila kukicha bila kibali wala namba.

Jukumu la kukusanya nalo likapigwa danadana. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kukusanya kwa niaba ya manispaa za Dar es Salaam. Mwaka 2014 kazi ikarudishwa halmashauri. Mwaka 2016 ikarudi TRA. Mwaka 2023 ikahamishiwa Ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa, TAMISEMI. Kila jukumu lilipohama, mwenye nyumba aliye mbali alijikuta na ofisi mpya ya kuulizia na kumbukumbu za zamani zilizobaki kule jukumu lilikotoka.

Katikati ya safari hiyo, tathmini iliwekwa kando na kiwango mfuto kikashika nafasi yake. Mwaka 2019 nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Ghorofa katika majiji, manispaa na miji ilitozwa 50,000 kwa kila sakafu, na katika halmashauri za wilaya 20,000 kwa jengo zima la ghorofa. Mwaka 2021 viwango vikapanda hadi 12,000 na 60,000, na tarehe 20 Agosti mwaka huo makato yakaanza kupitia Luku. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inatozwa 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi, na kiwango cha ghorofa kikawa 90,000.

Kwa mkusanyaji, huu ni ushindi. Mita haina haja ya kufuatwa nyumbani, haijifichi, haisemi mwenyewe amesafiri. Kwa mwenye nyumba aliyeko ughaibuni pia ni nafuu kubwa, kwa sababu 18,000 haifiki dola 8 na inalipwa bila foleni.

Nafuu hiyo ina gharama zake. Kiwango mfuto hakitofautishi nyumba na nyumba. Ya vyumba viwili vya tofali za kuchoma pale Kivukoni inalipa sawa na ya chini yenye bustani na geti la umeme kule Mbezi Beach, ilimradi zote si ghorofa. Mafuriko yakiingia ndani masika, kama yalivyoikumba Ifakara mwaka 2024, makato hayapungui. Sheria inasamehe nyumba za udongo, tembe na nyasi, na inamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe. Zaidi ya hapo, mita haiulizi.

Anayelipa ni nani hasa

Kisheria, kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Kwa vitendo, hulipwa na anayenunua umeme. Tofauti hii haina uzito mwenye nyumba anapoishi ndani. Anapokuwa mbali, ndiyo chanzo cha maneno.

Tazama muamala mmoja. Mpangaji ananunua umeme wa shilingi 10,000. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambayo ukijumlisha VAT, tozo ya mdhibiti wa nishati EWURA na ya wakala wa umeme vijijini REA inakaribia shilingi 356 kwa uniti moja, angepata uniti 28. Lakini muamala wa kwanza kwa mwezi unakatwa 1,500 kwanza, na kinachobaki kinampa uniti 23 na kitu. Uniti nne zimekwenda kwa jengo ambalo si lake. Mazungumzo yanayofuata kwenye simu yanajulikana kwa kila familia yenye nyumba ya kupangisha:

"Shikamoo shangazi. Umeme wa elfu kumi umeleta uniti ishirini na tatu. Huyu wa chumba cha mbele anasema ya jengo haimhusu."

"Marahaba baba. Mwambie akate kwenye hela ya chumba mwezi huu. Jengo ni langu, si lake."

Shangazi huyu kajibu sawasawa. Mwaka 2021, malalamiko yalipokuwa makali, serikali nayo ilisema hivyo hivyo: kodi ni ya mmiliki, mpangaji na mwenye nyumba waelewane jinsi ya kurudishiana. Lakini kuelewana kunataka mtu wa kuelewana naye. Mwenye nyumba asiyepokea simu, au ambaye msimamizi wake ameamua kutia kodi ya chumba mfukoni na kumwacha mpangaji abebe makato, ameshahamisha mzigo wake kwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko yeye.

Kuna hali tatu nyingine ambazo aliye mbali anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni nyumba iliyofungwa. Usiponunua umeme, hakuna cha kukatwa, ila deni linaendelea kuhesabiwa na hukatwa umeme unaponunuliwa tena. Nyumba iliyokaa kimya miezi 36 inamsubiri mwenyewe na shilingi 54,000. Anayefika likizo usiku, akanunua umeme wa 20,000 na asione hata uniti moja, asidhani ameibiwa.

Ya pili ni nyumba moja yenye mita zaidi ya moja, jambo la kawaida pale kila mpangaji anapotaka Luku yake ili wasigombane. Kodi ni ya jengo, si ya mita, hivyo inapaswa kukatwa mara moja tu. Mita zote zikikatwa, marekebisho huombwa na mwenye nyumba kwa kwenda na uthibitisho kwamba mita hizo ni za jengo moja. Asipokuwepo wala kuwa na mwakilishi, wapangaji watatu wataendelea kulipa mara tatu.

Ya tatu inauma zaidi, nayo ni ya mama mzazi. Kijana yuko Uingereza au Oman, anamjengea mama yake nyumba nzuri ya bati na vigae, na hati, au hata mita, inaandikwa jina la kijana. Mama ana miaka 72. Msamaha wa wazee unamhusu mwenye nyumba anayeishi humo, na mama si mwenye nyumba. Kijana ndiye mwenye nyumba, ila haishi humo wala hajafika 60. Basi mama anakatwa 1,500 kila mwezi kwa sababu ya jina lililoandikwa kwa nia njema.

Daraja moja, sheria mbili za ardhi

Hadi hapa tumezungumzia jengo. Ardhi iliyo chini yake ina hesabu yake, na hapa ndipo Luku haifiki.

Upande wa Ifakara, chini ya Halmashauri ya Mji, mwenye kiwanja kilichopimwa na chenye hati anadaiwa pango la ardhi kila mwaka. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na mdai ni serikali kupitia Wizara ya Ardhi, si halmashauri. Kiasi hutegemea ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na mahali kilipo. Hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, ambayo leo mtu anaweza kuipata na kuilipia kwa simu, lakini lazima aiombe. Haimfuati. Akichelewa, riba inaota juu ya deni. Mwaka 2022 serikali iliwasamehe riba wadaiwa watakaolipa deni la msingi, na hatua hiyo yenyewe inaonyesha malimbikizo yalikuwa yamefikia wapi nchini.

Deni la pango lina meno ambayo kodi ya majengo haina. Umiliki wa ardhi Tanzania ni haki ya kukaa na kutumia kwa masharti, na kulipa pango ni mojawapo ya masharti hayo. Anayeyavunja anapewa notisi, na mwisho wa njia hiyo ndefu ni kufutiwa hati. Notisi nayo hupelekwa kwa anwani iliyo kwenye kumbukumbu. Kwa mtu aliyechukua kiwanja miaka 15 iliyopita akiwa mtumishi, anwani hiyo yaweza kuwa sanduku la posta la mwajiri aliyemwacha zamani.

Vuka daraja uingie Kivukoni, mambo yanabadilika. Sehemu kubwa ya ardhi huko ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Msimamizi ni halmashauri ya kijiji, na hati inayotolewa ni ya hakimiliki ya kimila. Wengi wanafurahi wakisikia hivyo: hakuna pango la wizara, hakuna riba, ni ardhi ya ukoo. Sheria yenyewe, hata hivyo, ina kifungu ambacho kila mtoto wa Kivukoni aliye nje ya nchi angepaswa kukijua. Kifungu cha 45 kinaeleza lini ardhi ya kimila itahesabiwa kuwa imetelekezwa. Njia moja ni kutoikalia wala kuitumia kwa muda usiopungua miaka mitano. Nyingine ni kuwa na deni la pango, kodi au ushuru wa ardhi hiyo kwa miaka miwili au zaidi tangu kudaiwa, ingawa hiyo haimhusu mwanakijiji anayeishi kwa kilimo au ufugaji. Na nyingine inamlenga moja kwa moja aliye ughaibuni: mtu aliyeondoka nchini bila kuacha mtu wa kuwajibika na ardhi hiyo na masharti yake, na bila kuijulisha halmashauri ya kijiji.

Hilo halina maana kwamba mwenyekiti wa kijiji anaweza kuamka asubuhi na kugawa kiwanja cha aliyeko Muscat. Utaratibu upo. Tangazo hubandikwa kwenye ofisi ya kijiji na kwenye ardhi yenyewe, na mwenye hoja hupewa muda wa kujitokeza. Ila ni tangazo la karatasi kwenye mlango wa ofisi Kivukoni. Atakayelisoma ni jirani. Kama jirani huyo ndiye anayekitaka kiwanja, hatapiga simu Oman.

Bonde hili lina historia inayofanya jambo hili kuwa zito kuliko kwingineko. Ardhi ya Kilombero inagombewa na wakulima wa mpunga, wafugaji waliohamia na mifugo yao, mashamba ya miwa na ya misaji, na hifadhi ya ardhioevu iliyoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa. Kwa sababu ya mivutano hiyo, Kilombero, Ulanga na Malinyi zilifanywa wilaya za mfano za Programu ya Kuwezesha Umilikishaji Ardhi, iliyoanza kazi 2016 kwa msaada wa Uingereza, Sweden na Denmark. Vijiji vikawekewa mipango ya matumizi ya ardhi, mipaka ya vipande ikapimwa, na hati za kimila zikatolewa kwa wingi usiokuwa umeonekana kabla.

Kazi ya namna hiyo hufanyika shambani. Mwenye kipande husimama na majirani zake, mpaka ukaonyeshwa, jina likaandikwa. Aliyekuwepo ndiye aliyesikika. Aliyewakilishwa na mdogo wake alisikika kupitia kwa mdogo wake, na hati ikaja na jina alilotaja mdogo mtu. Hapa ndipo ule wosia wa wazee unapodai haki yake: mali bila daftari hupotea bila habari.

Uraia na jina la ndugu

Suala la jina linakuwa gumu zaidi pale mtu anapobadilisha uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu Mtanzania mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayeapa kwa hiari kuwa raia wa Canada au Marekani anapoteza ule wa kwanza. Na Sheria ya Ardhi, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaotambuliwa na sheria. Nyumba ya kupumzikia uzeeni si uwekezaji wa aina hiyo.

Katika miaka ya karibuni serikali imekuja na wazo la hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, na limefika bungeni likizigusa sheria za uhamiaji na ardhi. Kwa anayehusika, hilo ni la kufuatilia kwa mwanasheria, si kwa maneno ya kikundi cha WhatsApp. Lakini kwa muda mrefu suluhisho la mtaani limekuwa jina la ndugu: kaka aliyebaki anaandikwa mmiliki, fedha zinatoka Toronto.

Kwa upande wa kodi, mpango huo una matokeo yanayoonekana taratibu. Kontroo namba ya pango inatoka kwa jina la kaka. Risiti zinakuwa za kaka. Kwenye daftari la kijiji ni kaka. Baada ya miaka kumi kuna rundo la nyaraka zinazosema jambo moja, na mtu mmoja aliye mbali anayesema jingine. Kaka akifariki, warithi wake hawana sababu ya kumwamini shangazi au baba mdogo wa ng'ambo kuliko karatasi. Makato ya Luku hayamsaidii kwa lolote, kwa sababu yanafuata namba ya mita. Mtu anaweza kulipa kodi ya majengo miaka 20 na asibaki na ushahidi kwamba aliyelipa ni mwenye nyumba.

Ukipangisha, ukiuza

Kodi za mapato si za halmashauri, lakini zinamkuta mwenye nyumba yule yule, kwa hiyo zinastahili aya chache.

Pango la nyumba linatozwa kodi ya zuio: asilimia 10 kwa mwenye nyumba mkazi, asilimia 15 kwa asiye mkazi. Ukazi wa kodi si uraia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamhesabu mtu kuwa mkazi akikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 katika mwaka huo na miwili iliyoutangulia, au akiwa na makazi ya kudumu nchini na akawepo kwa sehemu yoyote ya mwaka. Kwa hiyo mtu anayekuja kila Krismasi na kufikia kwenye nyumba yake Kivukoni aweza kuwa mkazi kwa macho ya TRA, huku mwenzake aliyepangisha nyumba nzima na kufikia gesti asiwe.

Kule anakoishi nako kuna mkono wa kodi. Mkazi wa Uingereza kwa kawaida anatakiwa kutaja mapato yake ya dunia nzima, chumba cha Kivukoni kikiwemo. Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutoza mara mbili na nchi chache, zikiwemo Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Afrika Kusini, Sweden na Zambia. Uingereza na Marekani hazimo, ingawa nchi hizo zenyewe hutoa nafuu kwa kodi iliyokwisha kulipwa nje, mradi mlipaji ana uthibitisho. Aliyeko Oman anapumua zaidi: sheria ya nchi hiyo ya kodi ya mapato ya mtu binafsi ilitungwa 2025, itaanza 2028, na inawalenga wenye kipato kikubwa tu.

Wakati wa kuuza ndipo uzembe wa miaka yote unapodaiwa kwa pamoja. Serikali inataka sehemu yake ya faida, na kiwango cha asiye mkazi ni kikubwa kuliko cha mkazi. Mnunuzi makini anataka risiti za pango. Na anayeuza hawezi kuonyesha alitumia kiasi gani kujenga kama saruji, nondo na fundi vililipwa kwa miamala ya simu kwa binamu watatu tofauti.

Wenzetu wanavyofanya

Hakuna nchi iliyolitatua suala la mwenye nyumba aliye mbali kwa namna moja. Ukizitazama chache, chaguo la Tanzania linaonekana vizuri zaidi.

Uganda, kwa sheria yake ya 2005 ya kutoza majengo katika serikali za mitaa, iliisamehe nyumba ya kuishi inayokaliwa na mwenyewe. Anayebanwa ni anayepangisha. Kampala hutoza asilimia 6 ya thamani inayotokana na kodi ya pango. Kwa mfumo huo, aliye ughaibuni na kupangisha hulipa zaidi ya jirani yake anayeishi kwake, na kuna mantiki ndani yake: nyumba hiyo inamwingizia fedha.

Kenya imejenga juu ya thamani ya ardhi. Nairobi ilitegemea orodha ya thamani ya mwaka 1982 kwa karibu miaka 40, kwa hiyo haki ya viwango vyake ilichakaa pamoja na orodha hiyo. Lakini Kenya ina kitu ambacho Luku haina. Kodi inaandikwa kwenye namba ya kiwanja na jina la mwenyewe, na bila cheti cha kuthibitisha kuwa hakuna deni, kiwanja hakihamishwi jina. Mwenye nyumba aliyeko ng'ambo anakasirika anapodaiwa, lakini kila risiti inamtaja.

Uingereza inaanza na anayeishi ndani ya nyumba. Ndiye anayelipa kodi ya halmashauri, na mmiliki hudaiwa nyumba ikiwa tupu. Tangu Aprili 2025 halmashauri za England zinaruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili hadi mara mbili ya kiwango cha kawaida. Ufaransa ilifuta kodi ya makazi kwa nyumba mtu anayoishi ifikapo 2023, ikaiacha kwa nyumba za pili, huku kodi ya mmiliki ikiendelea kwa wote. Hizi ni nchi zinazoona nyumba isiyokaliwa kama tatizo la mji: shule inakosa watoto, duka linakosa wateja, vijana wa pale wanakosa pa kupanga.

Kilombero haijafika huko. Nyumba ya aliye mbali mara nyingi ni tofali ambazo zisingefyatuliwa, fundi ambaye asingepata kazi, na mama ambaye angevujiwa. Hakuna sababu ya kumwadhibu mwenyewe kwa viwango vya juu. Kuna sababu ya kutaka ajulikane.

Kinachopaswa kufanyika

Mwenye nyumba aliye mbali anaweza kumaliza sehemu kubwa ya kazi hii katika likizo moja. Aende ofisi ya kijiji au ya mtaa akaone jina gani limeandikwa kwenye ardhi yake. Kama ni Kivukoni, aandike barua kwa halmashauri ya kijiji akimtaja anayewajibika badala yake, na abaki na nakala yenye mhuri. Aandike hati ya uwakilishi inayotaja mambo gani mwakilishi anaruhusiwa na mambo gani haruhusiwi, hasa kuuza. Akiwa nje, ubalozi unaweza kuishuhudia. Kama kiwanja ni cha Ifakara mjini, abadilishe anwani na namba ya simu kwenye kumbukumbu za ardhi, na pango alilipe mwenyewe kwa simu yake, si kupitia kwa mtu. Mita zihakikiwe ziko ngapi na ipi inakatwa. Na kama mwenye kukaa humo ni mzazi mzee, wakae kama familia waamue nyumba iwe ya nani kwenye maandishi, wakijua faida na hatari za kila njia.

Upande wa serikali, makato ya Luku yasifutwe. Yamefaulu pale ambapo karibu miaka 40 ya madaftari ilishindwa. Kilichobaki ni kuyaunganisha na mtu. Mita ikishafungwa na namba ya kiwanja au ya hati ya kimila, pamoja na kitambulisho cha taifa cha mmiliki, mambo kadhaa yatanyooka kwa mpigo. Mzee ataonekana kuwa mzee bila kupanga foleni. Nyumba yenye mita tatu itakatwa mara moja. Notisi ya deni la pango au tangazo la ardhi iliyotelekezwa litaweza kutumwa kwenye simu ya mhusika popote alipo. Na ujumbe wa makato utabeba jina la mwenye nyumba, sio namba ya mita peke yake.

Halmashauri nazo zina deni lao. Ifakara na Ulanga zikionyesha kila mwaka ni kiasi gani cha kodi ya majengo kimekusanywa kutoka maeneo yao na kiasi gani kimerudi kama mtaro, taa au barabara ya mtaa, mwenye nyumba aliyeko Muscat atakuwa na sababu ya kuuliza, na mpangaji wake atakuwa na sababu ya kumkumbusha. Kwa sasa makato yanaondoka mita kwa mita na hakuna anayejua yaliishia wapi.

Viwango vimepanda mara mbili ndani ya miaka miwili, 2021 na 2023, na bajeti zijazo zinaweza kuvitazama tena. Kabla hazijafikia hapo, kazi ya kwanza ni kuweka jina la mwenye nyumba kwenye kila nyumba inayokatwa. Ongezeko lolote kabla ya hapo litawafikia mpangaji na mama wa miaka 72 mapema kuliko litakavyomfikia mwenye mali.